Mkono unakufa ganzi, na shemeji anasema ninyamaze

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkongo wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Baba watoto alifariki tukiwa bado kambini. Mwaka jana tuliletwa Marekani, tukapokelewa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye yuko hapa Iowa kwa miaka. Kambini nilikuwa fundi cherehani. Sare za kwaya, magauni ya harusi, nguo za shule, vyote vilipita mikononi mwangu, na watoto walikula kwa cherehani hiyo.

Hapa shemeji ndiye aliyeniombea kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe anakofanya yeye. Kiingereza sikukijua, na hawakukiulizia. Waliangalia karatasi yangu ya kuingia nchini, I-94, na kadi ya Social Security, wakanipima mkojo, nikasaini makaratasi mengi, nikapewa kofia ngumu, mabuti, glavu ya nyuzi za chuma na kisu. Niko shifti ya pili. Kazi yangu ni kuondoa mafuta kwenye bega la nguruwe. Nyama inakuja kwenye laini, unakata hapa, unageuza, unakata pale, unasukuma, na nyingine imeshafika. Chumba chote ni baridi ili nyama isiharibike.

Tatizo ni mkono wa kulia. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi. Mwanzoni ilikuwa usiku tu, naamka naukung'uta kama mtu anayetikisa maji, unarudi. Sasa hata mchana. Juzi nilikaa kushona kifungo cha shati la mtoto, sindano ikanitoka vidoleni na sikuhisi kwamba imetoka. Niliona uzi unaning'inia kwenye goti. Shangazi, nililia, maana mkono huu ndio shule yangu, sina nyingine.

Nilikwenda kwa nesi wa kiwanda, shemeji akatafsiri. Nesi alinipa barafu na vidonge viwili, akanirudisha kwenye laini. Nilikwenda tena, vilevile. Supavaiza anasema mikono ya wapya wote inauma, itazoea. Shemeji anasema nisilipeleke mbali. Eti ukiandikwa kwamba umeumia, wanakuwekea pointi mpaka wanakufukuza, na watasema ukoo wetu unaleta wavivu. Tena anasema nikilipwa pesa za kuumia, green card yangu, ile ya ukaazi wa kudumu, itaharibika kwa sababu nitaonekana nakula pesa za serikali. Yeye mwenyewe anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, lakini akiulizwa anasema ameshazoea.

Mama yangu bado yuko Nyarugusu, ananitegemea. Nina deni la tiketi za ndege la IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha. Dada mmoja wa kanisani ananiambia niache, niende kwenye maghala kupitia wakala wa kazi, huko hakuna visu. Nistahimili au niache?

Fundi asiyeshika sindano, Iowa

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote, kwa msiba na kwa mkono.

Usistahimili, na usiache kazi. Wiki hii, kabla hujafanya uamuzi mwingine wowote, uhakikishe kampuni ina karatasi yenye tarehe inayosema mkono wako umeumia kwa sababu ya kazi yao. Hayo mengine tutayapanga nyuma ya karatasi hiyo.

Nianze na mkono wenyewe. Mimi si daktari, lakini ulivyoeleza vidole vyako, mtu yeyote aliyewahi kukaa na watu wa viwanda vya nyama atakisia unakoelekea. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono ndani ya njia nyembamba sana, pamoja na kano za vidole. Ukikata kwa nguvu, kwa kurudia, kwenye baridi, kano zinavimba na mshipa unabanwa. Mshipa huo ndio unaohudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hauhusiki nacho. Kwa hiyo jiangalie: kama kidogo kile cha mwisho ni kizima na wenzake wamekufa ganzi, mwambie daktari hivyo hivyo. Mwambie pia unaamka usiku kuukung'uta. Madaktari huisikiliza sana dalili hiyo.

Supavaiza anaposema itazoea, anachanganya vitu viwili. Misuli ya mgeni inauma wiki za kwanza, kweli, na inazoea. Mshipa uliobanwa hauzoei. Ukiachwa, nyama iliyo chini ya kidole gumba inaanza kunywea na nguvu ya kubana vitu inapotea, na ikifika hapo hata upasuaji huenda usirudishe yote. Ukiwahiwa, mara nyingi huanza kwa vitu vidogo: bendeji ngumu ya kulala nayo ili kifundo kinyooke, kubadilishiwa kazi, labda sindano. Kwa fundi cherehani tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno kuachia heshima ya mtu.

Sasa hilo la nesi. Barafu na vidonge ni huduma ya kwanza. Wewe umetoka pale ukidhani umeripoti, na kampuni kesho inaweza kusema haijawahi kusikia. Sheria ya Iowa inampa mfanyakazi siku 90 kumjulisha mwajiri kwamba ameumia kazini. Kwa majeraha kama lako, yanayokuja polepole, mabishano huwa siku hizo zinaanzia lini: ulipoanza kuhisi, au ulipojua kwamba ni kazi. Usijiingize kwenye mabishano hayo. Andika sasa.

Huhitaji Kiingereza kizuri. Andika kwa Kiswahili, mtoto wako mkubwa au mtu wa kanisani aweke Kiingereza chini yake, mistari michache tu: jina lako na namba yako ya kazi, tarehe ya leo, kwamba unafanya kazi ya kuondoa mafuta kwenye bega shifti ya pili, kwamba vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, kwamba unaamini inatokana na kukata kwa kisu kila siku, kwamba ulishakwenda kwa nesi, kwamba unaomba kuonana na daktari na kujaza fomu ya kuumia kazini. Piga picha kwa simu. Peleka nakala ofisi ya rasilimali watu, siyo kwa supavaiza peke yake, na muulize jina aliyeipokea. Kama tarehe ulizokwenda kwa nesi unazikumbuka, ziweke. Kama huzikumbuki, sema mwezi, usibuni. Tarehe moja ya uongo hutumika kukanusha kumi za kweli.

Wakikupa karatasi ya kusaini usiyoielewa, sema utasaini ikitafsiriwa. Utaona nyuso zinabadilika kidogo, lakini huvunji sheria yoyote. Na akikupigia mtu wa bima akitaka kurekodi maelezo yako, una haki ya kumwambia apige tena ukiwa na mkalimani.

Mkalimani asiwe shemeji. Naona hili linakuuma, ila fikiria: ulipokaa mbele ya nesi, mdomo wako ulikuwa mdomo wa mtu asiyetaka habari ifike mbali. Sisemi alikusingizia. Labda alisema tu "mkono unamuuma", na kuumwa kwenye kiwanda cha nyama ni kama kusema leo ni Jumanne. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa zikupe mkalimani bila malipo, hata kama ni kwa simu. Ukifika dirishani sema "Swahili" na usubiri. Akija Mtanzania au Mkenya na mnapishana maneno, omba wa Kongo. Wapo.

Jambo linalowashangaza wengi: Iowa, mwajiri ndiye anayechagua daktari wa majeraha ya kazini, kwa sababu yeye na bima yake ndio wanaolipa. Ukijiendea kwa daktari wako, bili inaweza kukurudia. Nenda kwa wa kwao kwanza. Ukiona anakupa barafu kama nesi, sheria ina njia ya kudai matibabu mengine, na hapo ndipo unapohitaji wakili. Wapo wanaofanya kesi hizi bila kudai pesa mbele, na malipo yao lazima yaidhinishwe na ofisi ya serikali inayosimamia fidia. Iowa Legal Aid nao huhudumia watu wa kipato kidogo bure. Hata kama kesi yako si ya kwao, wanaweza kukuelekeza.

Kwa daktari litakuja swali moja la hatari: "Ilianza lini, na unadhani ni nini?" Wanawake wetu wengi hujibu "sijui" kwa adabu, kwa sababu kwetu daktari ndiye anayejua. "Sijui" hiyo inaandikwa kwenye faili. Wewe unajua. Ulipotua Marekani mkono ulikuwa mzima, ulikuwa unashona. Sema hivyo. Akiuliza kama unashona nyumbani, mwambie kweli, kifungo kimoja na sindano imeanguka.

Ukitoka pale usiondoke bila karatasi inayotaja mipaka: usikate kwa kisu, usiinue zaidi ya kiasi fulani, na kwa muda gani. Karatasi hiyo ni ya kumpa supavaiza mkononi na nakala kubaki kwako. Kampuni ikikupa kazi nyepesi inayolingana nayo, hata kama ni kuhesabu glavu au kufuta sakafu, ikubali. Ukikataa kazi inayolingana na maneno ya daktari unaweza kupoteza malipo. Wakikupa kazi isiyolingana, onyesha karatasi. Na daktari akikutoa kazini kabisa, malipo ya wiki si mshahara mzima. Iowa ni asilimia 80 ya kile kinachobaki mkononi baada ya makato ya kodi, na siku 3 za kwanza hazilipwi isipokuwa ukikaa nje zaidi ya siku 14. Jipange kwa hilo mapema.

Pointi. Hapa shemeji ana nusu ya ukweli. Viwanda vingi vina mfumo wa pointi kwa kuchelewa na kukosa, na Iowa, kama karibu Marekani yote, mwajiri anaweza kukuachisha bila kutoa sababu. Asichoruhusiwa ni kukuachisha kwa sababu umeripoti jeraha. Lakini nisikudanganye, mwanangu: wapo wanaotafuta sababu nyingine ya kuandika, na sababu rahisi kuliko zote ni mtu aliyekosa kazi bila kupiga simu. Kwa hiyo kuanzia leo, ukiumwa, piga ile namba ya kuripoti kabla shifti haijaanza, hata kama unajua kusema jina na namba yako tu, na ubaki na rekodi ya simu hiyo. Usikae nyumbani kwa sababu "supavaiza anajua". Wakikufukuza au wakikuadhibu baada ya kuripoti, malalamiko kwa ofisi ya usalama kazini, OSHA ya Iowa, yanatakiwa ndani ya siku 30. Siku 30 huisha upesi kwa mtu anayengoja wakubwa wa ukoo wakutane.

Uliza pia kama kiwanda kina chama cha wafanyakazi. Vingi vya nyama vina chama, na mara nyingi ni UFCW. Iowa hulazimishwi kujiunga, ila mahali chama kina mkataba, kinawajibika kukusimamia hata kama hulipi ada. Mtafute mwakilishi wa shifti yako wakati wa brek. Mahali pengi kazi zinazoachwa wazi hubandikwa ubaoni na watu wanajiandikisha kwa kufuata urefu wa muda waliokaa. Kupanga maboksi, usafi, lebo, vyote huonekana kwenye ubao huo kwanza, na wageni wasiosoma Kiingereza hupitwa navyo huku wanapita mbele yake kila siku.

Hofu ya green card iweke chini kabisa. Fidia ya kuumia kazini ni bima anayoilipa mwajiri, haitoki kwenye msaada wa serikali. Tena wewe ni mkimbizi: sheria ya kumnyima mtu ukaazi kwa kuogopa atakuwa mzigo wa serikali haimhusu mkimbizi anayeomba green card baada ya mwaka wake mmoja. Uvumi huu umezunguka makanisani mpaka umekuwa kama aya. Kama kuna jambo jingine la uhamiaji linalokusumbua, peleka kwa wakili au kwa shirika lililowapokea, usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp.

Haya, shemeji.

Umeandika kwamba anashika kikombe kwa mikono miwili, kisha ukaendelea kana kwamba umetaja rangi ya kikombe. Mwanangu, huyo naye ameumia. Amekaa miaka, hajaripoti, na sasa akikuona wewe unaripoti mapema hivi, kila alichovumilia kinageuka kuwa swali. Mwanaume aliyetangulia, akamzika kaka yake kwa mbali, akaipokea familia ya marehemu, si rahisi akubali kwamba alipaswa kusema. Kwa hiyo usiende kwake na hasira. Wala usiende kuomba ruhusa. Nenda siku ya mapumziko, na chakula, umwambie: "Shemeji, nakushukuru kwa kazi hii. Jumatatu napeleka barua kuhusu mkono wangu. Sitaki uisikie kwa mtu mwingine." Ukimuuliza "nifanyeje", mmerudi mwanzo.

Akitaja aibu, mwambie aibu iko kwa aliyeficha mgonjwa. Na kuna kitu kidogo niseme kwa sauti ya chini: viwanda vingi hulipa bonasi kwa mfanyakazi aliyeleta mwenzake, na hulipwa pale mgeni akishakaa muda fulani. Sisemi ndiyo sababu yake. Ukiona ametulia sana tarehe fulani ikishapita, utajua mwenyewe. Akija kukuambia baadaye kwamba na yeye anataka kwenda kwa daktari, usimkumbushe maneno yake. Msaidie kuandika barua.

Dada wa kanisani anakutakia mema, lakini ukiondoka leo bila kuripoti utakuwa umebeba mkono wa kampuni moja kwenda kwenye kampuni nyingine, na kila mmoja atasema si wake. Ukiacha kwa hiari yako, kwa kawaida hata malipo ya ukosefu wa kazi hayatakuja. Tena huko maghalani hakuna visu, kweli, ila kuna kuskani, kubana na kuinua usiku kucha, na mshipa wako hautajua tofauti. Ripoti kwanza, tibiwa, kisha ukitaka kuhama hama. Ukifika kwa wakala, mwulize ni nani atakayekulipa na nani mwenye bima ukiumia, na uangalie kama makato ya kodi yanafanyika kwenye hundi. Wakala anayekuambia atakulipa mkononi au kama mtu aliyejiajiri, ilhali ni kazi ya kuamriwa shifti nzima, muage.

Deni la tiketi halina riba. Linawaogopesha watu kuliko linavyostahili, ila likipuuzwa linaharibu rekodi yako ya mikopo. Kama wiki zitapungua, piga simu kabla ya tarehe kwa shirika linalokusanya na omba kupunguziwa kiasi cha mwezi. Hawakatai mara nyingi kwa mtu anayepiga kabla. Kwa mama, mwambie wazi kwamba kuna miezi miwili mitatu ya kubana. Nyarugusu wanajua maana ya mgao kupunguzwa kuliko sisi sote, ila wanataka waambiwe mapema.

Wakati unasubiri daktari, bado utakuwa kwenye laini, basi haya mawili. Kisu butu ndicho kinachoua mikono kiwandani, maana unasukuma kwa bega na kubana kwa vidole. Mtafute mama au baba wa zamani, mara nyingi Mmeksiko au Mburma, umwonyeshe kisu chako na umtazame anavyokipitisha kwenye chuma cha kunolea. Hamhitaji lugha. Kikikataa kushika makali, kibadilishe, usingoje shifti iishe. Na glavu: mkono wa mwanamke ukipewa glavu ya mwanaume, unabana mara mbili ili kisu kisiteleze. Vifaa vya kinga kampuni ndiyo inayotoa, hulipi. Kesho ukifika dirisha la vifaa, rudisha hizo na uombe saizi ndogo.